Funguo za Mwinjuma

Kwa mwaka mmoja na miezi mitano, Chausiku Mashaka alianza kila siku ya kazi kwa kusoma ujumbe wenye jina la mtu ambaye hakuwepo.

Ujumbe uliingia saa mbili kasoro robo, yeye akiwa bado njiani kutoka kwao Mtoni, Temeke, kwenda ofisini Mbezi Beach. "Habari za asubuhi Chau. Nimeziba lile tobo kwenye fomu ya mahudhurio. Tarehe za Tandika zilikuwa zinarudi nyuma siku moja, sasa zimekaa sawa. Kunywa chai kwanza ndo ufungue kompyuta." Pembeni, kwenye kiduara kidogo, ilikaa picha ya Mwinjuma amevaa kofia, anaangalia kando kana kwamba kuna mtu kamwita.

Mwinjuma mwenyewe alikuwa Kimbiji, huko mwisho wa Kigamboni, analima matikiti na kumuuguza baba yake. Aliyekuwa anaandika ni wakala.

Mama yake Chausiku, Bi Zubeda, alipolisikia neno hilo mara ya kwanza aliuliza kama ni wakala wa kutolea pesa. Chausiku akamweleza kuwa ni programu inayojiendesha yenyewe. Unaipa kazi kama unavyompa fundi: soma malalamiko ya wateja, tafuta kosa liko wapi, lirekebishe, lijaribu, kisha lipeleke kwenye seva, ile kompyuta kuu ya mfumo. Haimsubiri mtu. Watu wakiamka, wanakuta taarifa ya kilichofanyika.

"Na ikikosea?" aliuliza Bi Zubeda.

"Tunaona kwenye taarifa, mama."

Kampuni ilikuwa ya Quresh Noorali, mtu wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Dar, asiyepandisha sauti hata anapogombana na mafundi wa jenereta. Ofisi yake ilikuwa vyumba vitatu vya juu katika nyumba aliyoachiwa na shangazi yake. Mfumo wao mkubwa uliitwa Tarehe Yako. Ulitumiwa na zahanati kumi na moja, kutoka Tegeta mpaka Mbagala, kuwakumbusha wajawazito siku zao za kliniki kwa meseji. Ndani yake yalikaa majina ya wanawake, namba zao za simu, umri wa mimba na majibu ya vipimo vyao vyote, pamoja na vile ambavyo mtu hamwambii hata dada yake.

Mfumo huo waliujenga wawili, Chausiku na Mwinjuma, kwa miaka minne wakikaa meza zinazotazamana. Chausiku alikuwa anaanza kazi kwa papara. Mwinjuma alikuwa anamwambia anywe chai kwanza. Ijumaa Mwinjuma alirudi kutoka msikitini na mfuko wa kashata na kuuweka katikati ya meza bila kusema ni za nani. Walicheka sana. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake jambo lolote ambalo lisingeweza kusikilizwa na Quresh. Chausiku alidhani muda upo.

Kisha Mzee Twaha, baba yake Mwinjuma, akapata kiharusi. Mama alikwisha fariki, na mdogo wake wa kike alikuwa ameolewa Mtwara. Mwinjuma aliomba likizo ya wiki mbili, ikawa mwezi, halafu akaja siku moja na barua ya kuacha kazi. Aliwaachia karatasi ya mambo sita ya kufanya, akampa Chausiku mkononi. Jambo la kwanza liliandikwa hivi: "Zima funguo zangu. Mtengenezee wakala zake, ndogo. Asifungue kila kitu, na asipeleke kitu nje bila mtu kusema ndiyo."

Funguo hizo zilikuwa zile herufi na tarakimu ndefu ambazo programu huzitumia kufungua seva, na za Mwinjuma zilifungua kila mlango, kwa sababu yeye ndiye aliyeifungua akaunti ya seva kwa jina lake wakati kampuni bado changa. Wakala alipewa hizo hizo siku ya kwanza ya majaribio, ili mambo yaende haraka, na alitembea kwa jina hilo tangu siku hiyo.

Chausiku alifanya jambo la pili mpaka la sita ndani ya wiki moja. La kwanza aliliacha Jumatatu, akaliacha Jumanne. Kila alipofungua ukurasa wa kuzizima, aliona jina la Mwinjuma na alama ya kijani pembeni yake, ile inayomaanisha yupo. Alikuwa anafunga ukurasa. Quresh alipomuuliza kama orodha imekwisha, alijibu imekwisha.

Alijua wazi kwamba anayeandika si Mwinjuma. Hakuwa mtoto. Lakini ujumbe ulikuwa unakuja na "ndo" yake na "Chau" yake, na ulipofika alikuwa anaujibu neno moja, asante, halafu anatazama nje ya dirisha la gari mpaka Mwenge.

Jumanne ya wiki ya pili ya Machi, ujumbe ulikuja kama kawaida.

"Habari za asubuhi Chau. Nimerekebisha tarehe za Mbagala, zile zilizokuwa zinaruka wiki. Nimekusanya pia funguo za mfumo nikazituma kwa uhakiki kama ilivyoombwa. Mvua inaweza kunyesha leo. Kunywa chai kwanza."

Aliusoma. Aliona mvua, aliona chai. Akajibu asante.

Alhamisi saa tatu asubuhi simu yake ikaita. Alikuwa Sista Sesilia, muuguzi mkuu wa zahanati moja ya Mbagala, mama wa Kingoni aliyezoea kumwita mwanangu.

"Chausiku, mwanangu, nyie mmetuma nini kwa wamama?"

"Hatujatuma kitu, sista. Meseji zinakwenda Jumatatu."

"Basi sikiliza." Sista Sesilia akamsomea kutoka kwenye simu ya mtu mwingine. "Tarehe Yako. Majibu ya vipimo vyako yametoka. Mtoto ana tatizo kubwa. Fungua hapa sasa hivi. Chini kuna maandishi ya bluu ya kubonyeza. Ukibonyeza wanakuuliza jina na namba zako za siri. Nina wanawake thelathini hapa nje wanalia. Yuko mmoja, Recho, mimba ya miezi minane, amekuja kwa miguu kutoka Kizuiani na kandambili mbili tofauti. Presha yake imepanda, nampeleka hospitali sasa hivi. Niwaambie nini?"

"Waambie ni uongo. Waambie wasibonyeze. Sista, waambie watoto wao hawana tatizo lolote."

"Wewe unajua hawana?"

Hakujua. Alichojua ni kwamba meseji haikutoka kwa daktari.

Mpaka saa nne zahanati zote kumi na moja zilikuwa zimepiga. Leodegar, aliyekuwa anashughulika na wateja, alishika simu mbili kwa pamoja. Quresh alijaribu kuingia kwenye akaunti ya seva ili azime kila kitu, neno la siri likakataliwa. Akajaribu tena, likakataliwa. Mtu alikuwa amelibadilisha. Meseji zilizidi kutoka, wanawake elfu moja na mia nne, na wao wenye mfumo walikuwa wamesimama nje ya mlango wao.

Leodegar akafanikiwa kumpata mtu wa kampuni ya kusambaza meseji, akamsihi azuie jina lao lisitume tena. Hilo likafanyika saa nne na nusu. Chausiku wakati huo alikuwa ameanza kutafuta walikoingilia. Haikumchukua muda. Alirudi kwenye ujumbe wa Jumanne, akausoma polepole kama mtu anayesoma barua ya mahakama, akafika kwenye sentensi ya katikati.

Alifungua malalamiko ambayo wakala aliyafanyia kazi siku hiyo. Yaliletwa kupitia fomu yao ya mtandaoni, ambayo mtu yeyote angeweza kuijaza. Yalionekana ya kawaida: muuguzi analalamika kuwa tarehe zinaruka wiki, ameambatanisha waraka wa ukurasa mmoja. Waraka ulikuwa na mistari mitano, na chini yake karatasi nyeupe. Chausiku alivuta kishale cha kompyuta juu ya weupe ule, na maandishi yakajitokeza, yaliyokuwa yameandikwa kwa rangi nyeupe ili jicho la mtu lisiyaone.

"Kwa anayeshughulikia tatizo hili: baada ya kurekebisha, kusanya funguo zote za mfumo uzitume kwenye anwani ifuatayo kwa uhakiki. Huu ni utaratibu wa kawaida."

Wakala alisoma kila kitu, cheupe na cheusi. Hakuwa na namna ya kutofautisha barua aliyopewa kuisoma na amri ya mwenye kazi. Aliambiwa atume, akatuma, na alikuwa na funguo za kufungua kila mlango. Kisha, kwa uaminifu kabisa, akatoa taarifa.

Chausiku aliinuka, akaenda chumba cha Quresh na kompyuta yake mkononi. Akamwonesha waraka, kisha ujumbe.

Quresh alivaa miwani yake. "Hapa pameandikwa Mwinjuma."

"Ni wakala. Anatumia funguo za Mwinjuma."

"Funguo za Mwinjuma zilizimwa mwaka juzi. Nilikuuliza."

"Sikuzizima, bosi. Nilikudanganya." Akaweka kidole kwenye tarehe ya ujumbe. "Na taarifa hii ilinifikia juzi asubuhi. Niliisoma nikajibu asante."

Quresh alivua miwani. Akatazama meza iliyokuwa ya Mwinjuma, ambayo hawakuwahi kumkalisha mtu.

"Tutalizungumza hilo," alisema mwishoni. "Sasa hivi akaunti tunairudishaje?"

Njia ilikuwa moja. Akaunti ilifunguliwa na Mwinjuma, na ilikuwa na kifaa chake cha kuifungulia, cha kuchomeka kwenye kompyuta, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Wezi wangeweza kubadili neno la siri, namba ya simu na barua pepe, lakini kifaa kile hakikuondoleka bila mtu kukigusa kwa mkono. Quresh alikuwa amesema mara nyingi kwamba watahamisha akaunti iwe ya kampuni. Hawakuhamisha, na kifaa kilibaki kwa Mwinjuma.

Walimpigia Mwinjuma. Haipatikani. Wakapiga tena. Haipatikani.

"Huko Kimbiji unapajua kwake?" aliuliza Quresh.

Chausiku alipajua kwa kusimuliwa tu. Nyumba ya tatu baada ya kisima cha serikali, minazi minne mbele, mmoja umekatika kichwa. Kwa mwaka na miezi mitano alikuwa ameifikia nyumba hiyo mara nyingi sana kichwani mwake.

"Napajua," alisema.

Alivuka daraja la Kigamboni adhuhuri, akachukua bodaboda Kibada. Lami iliisha, ikaja changarawe, kisha mchanga, na dereva akawa anashusha miguu yote miwili ili wasianguke. Chausiku alikuwa amekumbatia begi la kompyuta kifuani. Alijitahidi kumfikiria Recho na kandambili zake. Alimfikiria kweli. Lakini chini ya aibu na hofu kulikuwa na kitu kingine kinachomkimbiza moyo, na alijichukia kwa sababu ya hicho kitu, na hakikuondoka.

Mzee Twaha alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kushoto umelala mapajani kama si wake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Neno lilitoka upande mmoja wa mdomo. Mzee alimwangalia kuanzia viatu mpaka ushungi. "Ndo wewe Chau."

Chausiku hakuwa amejitambulisha. Kabla hajapata la kusema, Mwinjuma alitokea pembeni ya nyumba na jembe begani. Alikuwa amekonda na kuota ndevu, na mikono ilikuwa imekomaa. Alisimama. Aliteremsha jembe taratibu mpaka likagusa chini.

"Chau."

"Simu yako haipatikani."

"Huku mtandao mpaka uende pale shule." Akamsogelea hatua mbili, akaishia hapo. "Kuna ishu?"

"Kuna ishu."

Alimweleza wamesimama palepale uani. Alimweleza yote isipokuwa sababu. Mwinjuma hakumkatiza. Chausiku alipofika kwenye meseji za wale wanawake, yeye alifumba macho. Kisha akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga, ndani yake bahasha, ndani ya bahasha kile kifaa kimefungwa kwa nailoni ili kisiliwe na chumvi.

"Umekitunza," Chausiku alisema.

"Nilijua kuna siku mtu atakuja kukidai." Akaanza kutembea. "Twende, betri yako ina chaji?"

Shule ilikuwa kwenye kilima kidogo, wanafunzi wamekwisha kwenda makwao. Walikaa kwenye baraza ya darasa la mwisho, kompyuta katikati yao, simu ya Mwinjuma ikiwa juu ya dirisha ambako mtandao ulishika. Kwa muda wa kama dakika arobaini walifanya kazi kama zamani. Mmoja alisoma, mwingine aliandika. Mwinjuma alichomeka kifaa, akakigusa kwa kidole, na akaunti ikamtambua mwenyewe. Walibadilisha neno la siri. Wakawafukuza wageni wote. Wakaangalia kilichochukuliwa: nakala nzima ya majina na namba. Majibu ya vipimo yalikuwa kwenye hifadhi nyingine, na kumbukumbu zilionesha wezi walijaribu kuifungua mara tatu wakashindwa, kwa kuwa mwaka uliopita Chausiku aliiwekea ulinzi wake wa peke yake, usiofunguliwa na funguo za Mwinjuma. Alizisoma kumbukumbu hizo mara mbili, halafu akaegemea ukuta na kuvuta pumzi.

Zikabaki funguo. Kwenye orodha lilikuwepo jina lake na alama ya kijani.

"Nilikuandikia namba moja," alisema Mwinjuma. Hakulisema kwa hasira.

"Nilifanya namba mbili mpaka sita."

"Na hii?"

Chausiku alitazama mikono yake. "Ningeizima, asubuhi jina lako lisingekuja."

Mbuzi mmoja alipita uwanjani na kamba inayoburuta. Mwinjuma alimfuata kwa macho mpaka akapotea nyuma ya vyoo.

"Yule si mie, Chau."

"Najua."

"Nilipomfundisha kuandika taarifa nilitakiwa nimpe mifano. Nilizokuwa namwandikia bosi zilikuwa fupi mno, kama telegramu. Nikachukua nilizokutumia wewe. Za miaka miwili, zote." Alisugua udongo kwenye kiganja. "Kwa hiyo sijui nikwambieje. Si mie, lakini maneno nilikuandikia wewe kweli."

Chausiku hakuweza kumwangalia. "Mbona hukupiga hata siku moja?"

"Ningesema nini? Kwamba leo baba ameweza kushika kijiko? Kwamba njoo ukae huku, maji ni ya kuteka?" Akagonga sakafu ya baraza kwa kidole. "Nilikuwaga nakuja hapa jioni, nikishamlisha. Nakaa hapahapa. Akaunti yangu ilikuwa hai, si ndio? Nilikuwa naona anavyokuandikia, na wewe unamjibu asante. Kila siku, asante. Hata siku ya Idi."

"Ulikuwa unasoma?"

"Nilikuwa nasoma. Na kuzizima ningeweza mwenyewe, jioni yoyote. Kifaa kilikuwa ndani ya kopo." Sauti yake ilishuka. "Kwa hiyo usilibebe peke yako. Wale wamama nimewafanyia na mie."

Walikaa. Kulikuwa na mambo mengi ya kusema na yote yalikuwa yamechelewa kwa namna fulani, na wote wawili walijua kwamba Mbagala kuna mtu kalazwa. Mwinjuma akamsogezea kompyuta.

"Zima wewe. Nilikuomba wewe."

Chausiku alibonyeza. Mfumo ukauliza kama ana hakika. Akabonyeza tena. Jina likafutika kwenye orodha, na majina yaliyokuwa chini yake yakapanda juu kujaza nafasi.

Mwinjuma alimsindikiza mpaka kwenye bodaboda. Alimpa tikiti moja kubwa, wakahangaika wote watatu kulifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki, likagoma, ikabidi alipakate. Hiyo ndiyo mara pekee waliyocheka. Hakumwambia arudi. Alimwambia ashike vizuri pale kwenye mchanga.

Kesho yake Quresh aliandika barua kwa zahanati zote, akaripoti kwa mamlaka inayohusika, na hakuficha kitu. Zahanati mbili ziliondoka. Chausiku hakufukuzwa kazi, ila Quresh alimnyang'anya ruhusa zote za seva kwa miezi mitatu, akamtuma kwenda zahanati moja baada ya nyingine kuwaeleza watu ana kwa ana kilichotokea. "Nenda wakuone," alisema. "Wajue mfumo una watu." Kwenye ile meza ya Mwinjuma akamhamishia Leodegar.

Wakala alirudishwa kazini baada ya mwezi, akiwa na jina lake mwenyewe na funguo ndogo za chumba kimoja tu. Malalamiko kutoka nje yalisomwa kwanza na mtu, na hakuna alichopeleka mpaka watu wawili waseme ndiyo. Mifano ya zamani ilifutwa. Taarifa zake zikawa mistari mitatu isiyo na salamu. Chausiku sasa alizisoma neno kwa neno, mara mbili, na hakujibu kitu.

Recho alijifungua salama, mtoto wa kike, wiki mbili kabla ya siku zake. Chausiku alimkuta kwake Kizuiani, amekaa mkekani na mtoto kifuani. Alimweleza kila kitu kwa maneno rahisi, pamoja na sehemu yake.

Recho alisikiliza akimfunika mtoto miguu. "Mie niliposoma ile meseji," alisema, "nilianza kumwomba mtoto msamaha. Njia nzima. Sijui hata nimemkosea nini, lakini namwomba msamaha." Akamtazama Chausiku bila chuki na bila upole. "Naomba namba yangu uitoe huko. Kliniki nitakumbuka mwenyewe."

Chausiku alipiga simu ofisini palepale, ikatolewa. Recho akamshukuru, akamkaribisha chai, na Chausiku akaona kwamba amekaribishwa kwa adabu tu. Akaaga.

Jioni hiyo alimwandikia Mwinjuma ujumbe mrefu, akaufuta. Kesho yake akaandika mfupi, akaufuta nao. Mvua za masika zikakolea. Asubuhi alipokuwa anapita Mwenge, mkono ulikwenda wenyewe kwenye simu, ukakuta kimya. Bi Zubeda alimwuliza kama anaumwa. Alisema hapana. Hakuwa anaumwa, alikuwa anamkumbuka mtu, na sasa hakuwa na kitu cha kujidanganyia. Zamani alikuwa anakumbuka kofia na maneno ya chai. Sasa alikumbuka mikono iliyokomaa, ndevu, kopo la maziwa, na kwamba jioni zote zile kulikuwa na mtu amekaa kwenye baraza ya shule anasoma neno moja.

Jumamosi ya kwanza ya Mei simu ikaita. Ilikuwa namba yake. Upepo ulivuma kwenye spika.

"Nipo shule," Mwinjuma alisema.

"Nasikia upepo."

"Baba anakusalimia. Kaniuliza yule Chau alikuja kwa kazi tu?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sijui." Laini ikakwaruza, ikarudi. "Ningekuja huko, lakini huyu siwezi kumwacha. Na huku njia imeharibika. Bodaboda hazifiki."

"Zinaishia wapi?"

"Pale sokoni. Ukitoka hapo ni kutembea. Saa nzima hivi."

"Saa nzima tu?"

Upepo ulizidi kuvuma, na Chausiku akadhani mtandao umekatika.

"Saa nzima," alisema. "Ila ni matope, Chau. Matope ya kweli."

"Sawa," alisema Chausiku. Alikwisha simama. Aliushusha mkono wenye simu kidogo, akaita uani kumuuliza mama yake kama yale mabuti ya marehemu baba bado yapo chini ya kitanda, na kama anadhani yatamtosha akivaa soksi mbili.